Shati Moja la Kwenda Montreal

Lorne Pettigrew alikuwa mtu wa kubeba. Majirani zake, kwenye barabara ya mashambani nje kidogo ya Brockville, walimjua kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote. Kila kiangazi, asubuhi ya kwenda ziwani, walitoka vibarazani na vikombe vyao vya kahawa kumtazama akipakia gari. Alipanga vitu kama fundi anayejenga ukuta. Masanduku ya barafu yalikaa chini, viti vya kukunja vikasimama ubavuni, mablanketi yakajazwa kwenye mianya. Juu ya paa alifunga hema la kuzuia mbu, makasia na fimbo za kuvulia samaki, akazungusha kamba mpaka gari likaonekana kama limevaa kilemba. Mkewe, Noreen, alikaa kiti cha mbele na sufuria mapajani, akilalamika kwamba wanakwenda wikendi tu, hawahamii Australia.

"Ukikikosa utaniuliza," Lorne alimjibu, na alimjibu hivyo kila mwaka.

Kazi yake ilikuwa kuendesha lori la kusukuma theluji la wilaya. Alianza zamani, angali na nywele. Theluji ikiyeyuka alikuwa mmoja wa wale wanaoziba mashimo ya barabara, na pale pia rundo lake la zana lilikuwa kubwa kuliko la wenzake. Hakuwa mwoga wala mchoyo. Alipenda tu kujua kwamba likitokea la kutokea, atakuwa na kitu cha kulikabili.

Mwisho wa Agosti, wakiwa ziwani, nyumba yao iliungua. Waya wa friza kuukuu la gereji ulipiga shoti mchana kweupe. Nyumba ilikuwa ya mbao, ya tangu enzi za babu yake Lorne, na jirani wa karibu alikuwa kazini. Zimamoto walipofika, walichoweza kufanya ni kuzuia miti isishike moto. Maxine, dada yake Noreen, ndiye aliyepiga simu ziwani. Alisema mara mbili kwamba hakuna aliyeumia, kisha akalisema lile lenyewe.

Walirudi jioni ile ile, jua likiwa bado liko juu. Lorne aliegesha alipozoea kuegesha, mbele ya gereji ambayo haikuwepo tena. Alishuka, akasimama kidogo, halafu akaanza kufungua kamba za juu ya paa. Alishusha kitu kimoja kimoja na kukipanga kwenye nyasi, kama afanyavyo kila wakirudi safari. Zimamoto waliobaki waliangaliana, lakini Noreen aliwapa ishara ya mkono wamwache. Alipomaliza, mali yao yote duniani ilikuwa pale uwanjani: viti, makasia, hema, sufuria ya kukaangia samaki, taulo, viatu vya mvua, mchezo wa drafti. Walikuwa na nguo za kuogelea za kutosha ukoo mzima, na hawakuwa na hata picha moja ya harusi yao.

"Basi," alisema Lorne.

Walihamia kwa Maxine, kwenye chumba cha chini ya nyumba, chenye madirisha madogo juu kabisa ambayo kupitia kwayo unaona miguu ya wapita njia. Watu waliwatendea wema. Kanisa lilileta nguo, wenzake Lorne wakachangisha, mtu akaleta kitanda. Mtu wa bima alikuja, akauliza maswali yake kwa upole, naye Lorne akayajibu vizuri kana kwamba anaeleza habari za nyumba ya mtu mwingine. Hakulia. Hakukasirika wala hakukosa usingizi. Alikula alichopewa, akavaa suruali ya mtu mwingine iliyomzidi kiuno, akaenda kazini. Watu walisema ni jasiri, lakini mwenyewe alijua si ujasiri. Alikuwa kama mtu aliyetoka kung'olewa jino: ufizi upo, ukiugusa kwa ulimi unajua ni wako, lakini hausikii kitu.

Noreen alikwenda upande wa pili kabisa. Hakuweza kuachia chochote. Aliosha vijiko vya plastiki na kuvihifadhi. Mifuko ya karatasi aliikunja akaiweka chini ya godoro. Akitoka kununua maziwa alibeba mkoba uliovimba, wenye hati zao mpya, chaja, dawa, na funguo za milango isiyokuwepo. Ukimwambia aache kitu alisema ndiyo, kisha unakuta amekibeba.

Binti yao, Tricia, aliyekuwa akiishi Calgary, alikuwa amewapa zawadi tangu Juni, kabla ya moto: wikendi moja Montreal, tiketi za treni na chumba cha kulala, kwa ajili ya kumbukumbu ya ndoa yao. Tarehe ilikuwa Novemba. Noreen alitaka kuahirisha. Tricia aliwapigia simu kila Jumapili kuwasihi waende, kwamba watoke kwenye kile chumba cha chini, wakae mahali ambapo hakuna anayewapa pole. Mwishowe Lorne alisema twende. Hakuwa na hamu ya kwenda wala ya kubaki. Alisema hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuendelea kuzungumza.

Asubuhi ya Ijumaa waliyoondoka, Lorne alifunga mzigo wake kabla birika halijachemka. Alikuwa na kibegi cha kitambaa alichopewa bure na duka moja la rangi. Alitia humo shati moja, chupi na mswaki, akavuta zipu. Koti lilikuwa mwilini na viatu miguuni. Alikiweka mlangoni, akakaa kunywa chai.

Maxine alishuka ngazi, akakitazama.

"Shemeji, huo ndio mzigo wako, au umebeba chakula cha mchana?"

"Ni wikendi tu," alisema Lorne.

Maxine alicheka kidogo, kisha akanyamaza, maana aliona uso wa dada yake. Noreen alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la magurudumu, kubwa, la kuazimwa, lile ambalo Maxine alilinunua aende nalo Florida majira yote ya baridi. Lilikuwa limejaa na bado alikuwa akiongeza. Aliingiza pasi, akaizungushia taulo.

"Dada, Montreal maduka yapo," alisema Maxine.

"Najua yapo."

"Na pasi hotelini huwa ipo."

"Si hoteli, ni nyumba ya mtu."

"Hata hivyo. Unakwenda kupiga pasi nini, barabara?"

"Siendi kupiga chochote. Sitaki kuiacha, basi."

Maxine alimtazama Lorne, akitegemea kwamba mume atasema neno. Zamani Lorne angekuwa upande wa sanduku. Angelifungua, angelipanga upya, na nafasi ingepatikana hata ya birika. Sasa alipuliza chai yake. Wakalikalia sanduku wote wawili, Maxine na Noreen, mpaka zipu ikakubali.

Kwenye treni Noreen aliweka mguu juu ya sanduku njia nzima. Hakulala, ingawa alikuwa amechoka. Lorne alitazama nje: mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, maghala, mto ukijitokeza na kupotea. Mhudumu alipopita na kahawa, Noreen alichukua na vijipakiti vya sukari ambavyo hakuna kati yao aliyevitumia, akavitia mkobani. Lorne aliona. Wazo lilimjia kwamba mtu mwingine angeona huruma hapo, au angekereka. Alilitazama wazo hilo likipita kama alivyotazama maghala.

Montreal ilikuwa na mvua ile nyembamba ya Novemba ambayo haionekani lakini inakulowesha. Chumba walichopewa kilikuwa ghorofa ya juu katika nyumba za kale za mtaa wa Mile End, zile ambazo ngazi zake ziko nje, za chuma, zimejipinda kama ganda la konokono. Mwenye nyumba, Bibi Gervaise Lamontagne, mjane mnene mwenye miwani ya kamba, aliishi chini. Alitoka kibarazani na funguo, akaliona sanduku, akaweka mikono kiunoni.

"Wageni wangu wa Ijumaa huja na begi la begani," alisema. "Humo ndani mna nini, mama, piano?"

"Nyumba yetu," alisema Noreen.

Bibi Gervaise alicheka sana, akampiga begani kwa mapenzi, akasema basi watamlipa kodi ya nyumba mbili. Hawakumweleza kitu.

Lorne alilipandisha. Ngazi zilikuwa zinateleza, na kwenye mpindo sanduku liligoma kupita. Alilazimika kulinyanyua juu ya reli, maji ya mvua yakimtiririka kwenye mikono na kumwingia viatuni. Bibi Gervaise alitoa maelekezo kutoka chini, kila moja kinyume na lililotangulia. Alipofika juu soksi zilikuwa zimelowa chapachapa. Alizivua, akazitandaza kwenye bomba la joto, akakumbuka kwamba hana nyingine. Halikumsumbua. Asubuhi zilikuwa bado mbichi. Akazivaa hivyo hivyo.

Jumamosi walitoka baada ya chai. Noreen alikuwa amesoma mahali fulani kwamba mtu akifika mtaa ule asiondoke bila kula begeli, ile mikate ya duara yenye tundu katikati, iliyopakwa ufuta. Alivaa kofia ya sufu na mkoba wake umevimba ubavuni. Walitembea polepole, wakatazama madirisha ya maduka, wakamsifu mbwa wa mtu. Kwa muda kidogo walifanana na watu wengine wowote waliokuja kutembea mjini.

Walipokata kona, Noreen alisimama ghafla.

"Unausikia?"

"Nini?"

"Moshi."

Lorne alinusa. Ulikuwa moshi wa kuni, mzito na mtamu, umetanda mtaa mzima chini ya mvua. Alinyanyua kidevu kuonyesha duka lenye msururu wa watu mlangoni.

"Ni tanuri la mikate. Wanaoka kwa kuni."

"Najua ni tanuri," alisema Noreen. Lakini miguu yake haikwenda. Alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili kifuani.

Lorne alimwambia amngojee pale, ataingia yeye. Alijipanga kwenye msururu. Ndani kulikuwa na joto, kelele, Kifaransa na Kiingereza vimechanganyika, na nyuma ya kaunta palikuwa na mdomo mpana wa tanuri. Mwokaji alichokoa humo kwa ubao mrefu, akigeuza mikate safu kwa safu, na nyuma ya mikate palikuwa na moto wenyewe, ukilamba dari ya matofali. Zamu ya Lorne ilifika, akalipa, akapewa mfuko wa karatasi wa moto, akatoka kwenye msururu. Lakini hakutoka dukani. Alisimama pembeni akautazama ule moto, mfuko mkononi, watu wakimpita. Alikuwa hajauona moto tangu Agosti, na hata Agosti hakuuona. Aliona majivu tu. Alisubiri.

Alipotoka, Noreen alikuwa amesogea mpaka dirishani.

"Nilikuona," alisema. "Umesimama unautazama kama unatazama mpira."

"Nilikuwa nangoja."

"Unangoja nini?"

"Sijui. Nilidhani nikiutazama utanifanya kitu."

"Ukakufanya nini?"

Lorne alifikiri, maana alitaka kumjibu kwa haki. "Joto," alisema. "Basi."

Noreen alianza kulia pale pale, kwenye lami, kati ya watu wenye miavuli. Hakupiga kelele. Alilia uso wazi, bila kujifuta, na maneno aliyokuwa ameyaweka tangu kiangazi yakatoka moja baada ya jingine. Alisema amekuwa akilia bafuni kwa Maxine huku amefungulia bomba, ili yeye Lorne asihisi vibaya, kisha akagundua kwamba Lorne hahisi lolote. Alisema kila kitu anakibeba yeye sasa, hata huzuni anaibeba ya watu wawili.

"Tangu Agosti naishi na mtu aliyehama," alisema. "Upo, unakula, unasema asante. Lakini umehama, Lorne, na hukuniambia unakwenda wapi."

Lorne alisimama na mfuko wake. Mke wake wa miaka yote ile alikuwa analia mbele yake, naye alijua kwamba inampasa kuumia. Alijitafuta ndani, kwa uaminifu, kama mtu anayepapasa swichi gizani.

"Najua inapaswa iniume," alisema. "Nakaa nikiingojea, haiji. Umewahi kuulalia mkono mpaka ukafa ganzi? Unauona pale kitandani, unajua ni wako. Ndivyo ilivyo. Sijahama, Noreen. Nipo hapa hapa, ila siwezi kujinyanyua."

Noreen alifuta pua kwa kiganja, akatia mkono kwenye mfuko, akatoa begeli moja, akaikata vipande viwili na kumpa kimoja. Walikula wamesimama, mvua ikilowesha ufuta. Ilikuwa tamu. Walikubaliana kwamba ilikuwa tamu.

Waliporudi, alitangulia Noreen, na aligeuka nyuma mara kadhaa.

"Mbona unachechemea?"

"Soksi zimelowa."

"Tangu lini?"

"Jana."

Walipanda zile ngazi, Noreen akafunga mlango. Alilaza sanduku sakafuni, akalifungua, na Lorne, ambaye tangu jana alikuwa hajaangalia ndani yake, aliona kwamba nusu nzima ilikuwa vitu vyake. Soksi za sufu jozi kwa jozi. Sweta, suruali nzito, viatu vingine vimetiwa kwenye mfuko. Vidonge vyake vya kiungulia. Miwani ya kusomea, ile ya akiba ambayo hakujua hata kwamba ilitengenezwa.

"Hukuniambia," alisema.

"Hukuuliza. Ningekuambia ungesema ni wikendi tu."

Alimtupia jozi ya soksi. Lorne aliketi ukingoni mwa kitanda, akazivaa, akabaki ameinama akiitazama miguu yake. Noreen aliketi kando yake. Alimwambia kwamba asubuhi ile ya kufunga mzigo, alipoona shati moja ndani ya kile kibegi, aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya moto. Ilikuwa kama mzigo wa mtu asiyekusudia kurudi. Lorne alishangaa. Alimwambia hakuwa na nia ya namna hiyo hata kidogo. Ilikuwa tu kwamba alipotazama rafu, hakuona kitu ambacho angekikosa.

"Hata mimi?" aliuliza Noreen.

"Wewe hukuwa kwenye rafu."

Noreen alicheka licha ya kwamba hakutaka. Walilala mchana ule wote, kila mmoja na nguo zake mwilini, na jioni walikula supu kwa Bibi Gervaise, ambaye aliwasimulia habari za marehemu mumewe mpaka bakuli zikapoa.

Jumapili, wakati wa kuondoka, Noreen aliitoa pasi kwenye sanduku, akaiweka juu ya meza. Alisema Bibi Gervaise hana ya maana, amwachie hii. Walishuka, wakarudisha funguo, wakafika hadi kona. Pale Noreen alisimama, akamwomba Lorne amngoje na sanduku, akarudi, akaziomba funguo tena, akazipanda zile ngazi zote. Alirudi na pasi kwapani.

"Bado," alisema.

Lorne alifungua zipu, akaitafutia nafasi.

Walihama kwa Maxine kabla ya Krismasi, wakapanga vyumba viwili juu ya duka la maua mjini. Kiwanja waliuza kwa kijana mmoja na mkewe, ambao walileta trela wakaishi humo wakingoja kiangazi wajenge. Noreen alinunua mapazia. Mkoba wake ulipungua, lakini polepole, na kuna vitu havikutoka kamwe. Lorne aliendelea na kazi. Watu wakimuuliza hali, alisema anaendelea, na ilikuwa kweli.

Februari ikaja theluji kubwa, ile ya kufunga shule. Lorne alitoka na lori mapema, akasafisha barabara ya mashambani, theluji ikimwagika kando kutoka kwenye bamba la mbele na kuziba njia za kuingilia nyumba za watu, kama ilivyo kawaida. Wenyewe huamka na kuichota kwa makoleo na kumlaani dereva. Kila dereva wa kazi ile huinua bamba kidogo anapopita mbele ya kwake, ili asijizibie mlango. Halimo kwenye sheria, lakini hakuna msimamizi anayelikataza. Lorne alifanya hivyo kwa miaka mingi bila kulifikiria. Asubuhi ile mkono wake wenyewe ulivuta wenzo, bamba likainuka, akapita, likashuka tena upande wa pili. Ndipo alipotazama kwenye kioo, akaona njia safi ya kuingilia na mwishoni mwake trela la watu.

Alisimamisha lori katikati ya barabara, injini ikinguruma.

Jioni, akiwa mezani, alimsimulia Noreen. Alimsimulia kwa sauti yake ya kawaida, akimenya kiazi kilichochemshwa.

"Ukafanya nini?" aliuliza Noreen.

"Nilikaa tu."

"Ulilia?"

"Kidogo. Halafu gari la maziwa likaja nyuma, likapiga honi."

Noreen alimsogezea bakuli la siagi. Alimuuliza kama ameirudia na kuisafisha ile theluji aliyoiacha barabarani, maana wale vijana si jamaa zao na msimamizi anaweza kuuliza. Lorne alisema hapana, hakuirudia.

Na hata baadaye hakuirudia. Majira yale yote, na yaliyofuata, aliinua bamba mahali pale pale, na yule kijana wa kwenye trela alimwambia mkewe kwamba hajui kwa nini, ila upepo wa kwao unapeperusha theluji mbali na mlango.